Watoto wachanga: Mitikisiko ipi ni ya kawaida, ipi ni ya hatari?

MTOTO mchanga anayetikisa kichwa, kurusha mikono au kushtuka mara kwa mara huwatia wazazi wake hofu, hasa akiwa kifungua mimba. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole, Dandora na Pipeline, hofu hiyo hupelekwa kwanza kwa jirani wa ploti, kwa nyanya aliye mashambani kupitia simu, au kwa mwenye duka la dawa. Majibu mara nyingi huwa yale yale: ni mchango, ni meno, ni gesi tumboni, ataacha akikua.

Aghalabu jibu hilo huwa sahihi. Mitikisiko mingi ya watoto wachanga ni sehemu ya ukuaji wa ubongo na neva, na huisha yenyewe. Hata hivyo, kuna aina moja ambayo ni fupi na nyepesi kiasi cha kutomshtua mtu, lakini kila wiki inayopita bila matibabu humpunguzia mtoto nafasi ya kukua vyema kiakili. Dalili za kutofautisha aina hizo zinaweza kuonekana nyumbani, na ushahidi wake ukahifadhiwa kwa simu ya mkononi.

Mitikisiko isiyo na madhara

Wa kwanza ni mshtuko wa Moro, uliopewa jina la daktari wa watoto Ernst Moro aliyeueleza mwaka 1918. Mtoto akisikia kishindo, kama vile mlango kubamizwa au honi ya matatu, au akihisi kichwa chake kimelegezewa ghafla, hutanua mikono, hufungua vidole, kisha huikusanya mikono kifuani kama anayekumbatia. Mshtuko huu huwapo tangu kuzaliwa na hutoweka baina ya miezi 4 na 6. Kutokuwapo kwake kwa mtoto aliyezaliwa karibuni, au kutokea upande mmoja tu wa mwili, ndiko kunakopaswa kumfikisha mtoto kwa daktari.

Wa pili ni kutetemeka kwa kidevu, mikono au miguu, hasa mtoto akilia au akivuliwa nguo ili aogeshwe. Mzazi akiushika mkono unaotetemeka na kuukunja polepole, mtetemeko husita. Mkono unaoendelea kuruka-ruka ukiwa umeshikwa ni jambo jingine, na huhitaji uchunguzi.

Wa tatu ni kurukaruka kwa mikono na miguu usingizini, ambako huanza katika wiki za kwanza za maisha na kwa kawaida huisha ndani ya miezi michache. Hapa kumshika mtoto si kipimo kizuri, kwani kunaweza kuuzidisha mruko. Kipimo ni kumwamsha. Akiamka na mruko ukome papo hapo, na usiwahi kuonekana akiwa macho, hakuna ubaya.

Wa nne ni kujibembeza, kutikisa kichwa huku na huku, au hata kukigonga kwenye mto na ukingo wa kitanda kabla ya kulala. Mazoea haya huanza katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, na watoto wengi huyaacha kabla ya kufikisha miaka 4. Mtoto hujituliza kwa mwendo ule ule ambao mama humbembelezea mgongoni. Akiitwa au akionyeshwa kitu cha kumvutia, huacha.

Kuna pia watoto wanaojipinda mgongo na kugeuza shingo baada ya kunyonya, kwa sababu maziwa hurudi kutoka tumboni na kuwachoma kooni. Mtoto wa namna hii akiendelea kuongezeka uzito, kumshikilia wima kwa muda baada ya kunyonya huweza kumpa nafuu. Akikataa kunyonya, akitapika sana au asiongezeke uzito, apelekwe kliniki.

Mishtuko inayofanana na salamu

Mwaka 1841, daktari Mwingereza aitwaye William James West aliliandikia jarida la kitabibu la The Lancet kuhusu mwanawe mwenyewe. Mtoto huyo alizaliwa mwenye afya na kustawi hadi alipotimiza miezi 4, ndipo baba alipoona kichwa chake kikiinama mbele kidogo kidogo. Mwanzoni alidhani ni mchezo tu wa mtoto. Baadaye miinamo ikaongezeka nguvu na idadi, na mtoto akaacha kustawi. Dawa zote ambazo baba huyo alizijua hazikufaa kitu.

Mishtuko hiyo ilipewa jina la salamu, kwa kuwa ilifanana na mwinamo wa mtu anayesalimu kwa heshima. Leo hujulikana kama mishtuko ya kifafa cha watoto wachanga, na inapoambatana na mvurugiko mahususi wa mawimbi ya ubongo huitwa ugonjwa wa West. Ni ugonjwa adimu, usiofikia mtoto 1 kati ya kila 1,000. Hata hivyo, ndio unaopotezewa muda kwa urahisi zaidi, kwa kuwa haufanani na kifafa kama watu wanavyokifahamu. Mtoto haanguki wala hatokwi na povu.

Dalili zake ni hizi. Umri huwa zaidi baina ya miezi 3 na 12. Mtoto hukunja mwili ghafla, kichwa na kiwiliwili vikainama mbele, mikono ikarushwa, na pengine magoti yakapanda tumboni. Wengine hujinyoosha badala ya kujikunja. Kila mshtuko huchukua sekunde 1 au 2, kisha mwili hulegea, halafu mshtuko mwingine hufuata baada ya sekunde chache. Hutokea kwa mfululizo, mara kadhaa au hata makumi, na hasa mtoto anapoamka. Baina ya mishtuko au mwishoni mwa mfululizo, baadhi ya watoto hulia, na kilio hicho ndicho kinachowafanya wengi kudhani ni maumivu ya tumbo.

Maumivu ya tumbo hayaji kwa vipindi sawasawa kama pigo la saa. Tena mchango huanza mapema, wiki chache baada ya kuzaliwa, na kwa watoto wengi hupungua wanapokaribia miezi 3 au 4, umri ule ule ambao mishtuko ya salamu ndiyo kwanza huweza kuanza. Mtoto wa miezi 5 anayeanza "mchango" kwa mara ya kwanza anastahili kutazamwa upya.

Dalili nyingine ni kurudi nyuma kwa maendeleo. Mtoto aliyekuwa akitabasamu huacha kutabasamu, aliyekuwa akimfuata mama kwa macho huonekana kama haoni, na shingo iliyokwisha kukaza hulegea. Mzazi asingoje hadi dalili hii ionekane, kwani matibabu hufaa zaidi yakianza mapema.

Chanzo chaweza kuwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maambukizi ya ubongo, kasoro ya maumbile ya ubongo au maradhi ya kurithi, ingawa kwa baadhi ya watoto hakijulikani. Daktari huhakikisha kwa kipimo cha mawimbi ya umeme ya ubongo, kiitwacho kwa kifupi EEG. Dawa kuu ni za jamii ya homoni, ikiwemo prednisoloni, pamoja na vigabatrini. Dawa hizi zina madhara yanayohitaji kufuatiliwa, hivyo si za kununuliwa dukani bila idhini ya daktari.

Degedege na homa

Degedege ni tukio tofauti na mishtuko hiyo. Mtoto hukakamaa au mwili mzima ukarukaruka, macho yakageuka na fahamu zikapotea. Baina ya miezi 6 na miaka 5, homa kali pekee huweza kulileta. Ingawa malaria si ya kawaida jijini Nairobi, mtoto aliyerejea karibuni kutoka maeneo ya Ziwa Victoria, Magharibi au Pwani akishikwa na homa apimwe malaria bila kukawia. Homa inayoambatana na shingo ngumu, utosi uliovimba au usingizi usio wa kawaida huweza kuwa uti wa mgongo.

Kwa mtoto mwenye siku chache tangu azaliwe, degedege huweza kujificha. Dalili inaweza kuwa kutafunatafuna bila kitu kinywani, macho kukazia upande mmoja, miguu kuzunguka kama ya mwendesha baiskeli, au pumzi kukatika. Sababu huwa ni pamoja na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, sukari kupungua mwilini, maambukizi, na umanjano uliozidi. Mtoto wa namna hii hupelekwa hospitalini saa ile ile.

Upungufu wa kalsiamu unaotokana na ukosefu wa vitamini D huweza pia kuleta degedege. Mwili hutengeneza vitamini hiyo kwa msaada wa jua, na katika ghorofa za Pipeline zilizosongamana, vyumba vingi vya chini haviingiwi na jua. Mtoto anayelelewa ndani mchana kutwa atolewe nje kuota jua, na mzazi aulize kliniki kuhusu nyongeza ya vitamini D.

Jina lenyewe la degedege linahusishwa na imani ya kale kwamba ndege au pepo hupita juu ya mtoto na kumtia mtukutiko. Imani hiyo bado huwafanya wengine waanze kwa mganga, kwa maombi au kwa mafusho. Hakuna anayekatazwa kumwombea mtoto wake, ila maombi hayazuii safari ya hospitalini.

Watoto waliokua zaidi

Baadhi ya wazazi huhofia usonji wanapomwona mtoto akipungapunga mikono au akizungukazunguka. Watoto wengi hupunga mikono wakifurahi. Mwendo huo huwa na uzito zaidi ukiandamana na mambo mengine: mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, asiyetazama uso wa anayemlea, asiyeonyesha kitu kwa kidole wala kupunga mkono wa kwaheri kadiri umri unavyosonga, au aliyepoteza maneno aliyokwisha kuyajua.

Simu kama shahidi

Kikwazo kikubwa kliniki ni kwamba mtoto akifika mbele ya muuguzi hutulia. Muuguzi mwenye foleni ndefu huona mtoto mwenye afya, na mzazi hurudi nyumbani na neno la kumtuliza tu.

Dawa ya kikwazo hicho ni video. Mzazi apige picha ya video ya mwili mzima, penye mwanga, blanketi likiwa limeondolewa, kwa dakika 2 au zaidi. Aliite jina la mtoto ili ionekane kama anaitika. Aandike tarehe, saa, idadi ya mishtuko, na kama mtoto alikuwa amelala, ameamka au amenyonya. Katika mishtuko ya salamu, video nzuri huweza kumfanya daktari aagize kipimo cha EEG siku hiyo hiyo.

Katika ratiba ya kliniki nchini Kenya, mtoto hupata chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha matone ya vitamini A miezi 6 na chanjo ya surua miezi 9. Mzazi anayefuata tarehe za chanjo pekee hukaa karibu miezi mitatu bila kuonana na muuguzi, katika umri ule ule ambao mishtuko hiyo huanza zaidi. Asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu cha afya ya mama na mtoto.

Wapi pa kwenda

Vituo vya afya vya mitaani ndivyo mlango wa kwanza. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyofunguliwa mwaka 2011, huwahudumia wakazi wa Eastlands, nayo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hupokea waliopewa rufaa kuonana na mabingwa wa neva za watoto. Kwa wenye kifafa, shirika la KAWE limekuwa likitoa msaada na mafunzo tangu mwaka 1982.

Mtoto akishikwa na degedege nyumbani, alazwe kwa ubavu mahali salama, nguo za shingoni zilegezwe, na muda uhesabiwe. Asitiwe kijiko, kidole, maji wala dawa kinywani. Asimwagiwe maji wala kushikiliwa kwa nguvu. Degedege likipita dakika 5, likirudia kabla fahamu hazijarejea, au likiwa la kwanza maishani mwake, apelekwe hospitalini mara moja.

Kwa mishtuko ya salamu, hata kama haina kishindo, haraka ni ile ile. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto ataacha akikua, ilhali video inaonyesha miinamo inayofuatana kila anapoamka, ana haki ya kuomba rufaa kabla ya kuondoka kliniki.