Alama za Kiingereza na Ngazi Isiyo na Vipago: Historia Fupi ya Mtihani, Kutoka Tarime na Serengeti

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanafunzi wangu, hasa wanaotoka mkoa wa Mara, ni fupi: nifanye nini ili nipandishe alama zangu za Kiingereza? Anayemaliza shahada ya kwanza huliuliza kwa sababu ufadhili wa masomo ng'ambo umemdai alama 6.5 za IELTS. Mdogo wake aliyeko kidato cha pili kijijini huliuliza kwa sababu ya upimaji wa Baraza la Mitihani. Wengi hutarajia niwatajie kitabu cha maswali na majibu. Mimi huanza na historia, kwa kuwa asiyejua mtihani ulikotoka hujilaumu kwa kosa lisilo lake, kisha hutafuta dawa isiyotibu ugonjwa wake.

Tuanze na mtahiniwa mwenyewe. Mtoto wa Nyamwaga au Sirari, wilayani Tarime, huzaliwa katika Kikurya. Mwenzake wa Serengeti huzaliwa katika Kingoreme, Kiikoma, Kinata au Kikurya. Darasa la kwanza humpokea kwa Kiswahili, naye hukizoea taratibu. Miaka saba baadaye kidato cha kwanza humwamuru ajifunze bayolojia, jiografia na historia kwa lugha ya tatu, ambayo hadi hapo ameisoma kama somo moja tu miongoni mwa mengi. Daraja analopewa ni kozi ya wiki chache. Hiyo ndiyo ngazi ninayoiita isiyo na vipago: miti yake miwili imesimama wima, lakini pa kukanyagia hapapo.

Ngazi hii ilichongwa lini? Wakati wa utawala wa Waingereza mtihani ulikuwa chekecheo. Kulikuwa na mtihani wa darasa la nne, wa la nane na wa la kumi, na wachache waliobaki walifanya ule wa Cambridge, uliotungwa na kusahihishwa Uingereza. Kazi ya chekecheo hilo ilikuwa kupata makarani, waalimu na matabibu wachache waliohitajiwa na serikali. Idadi ya nafasi iliamuliwa kwanza; watoto walichujwa baadaye ili walingane nayo.

Mkoa wa Mara una mfano unaotajwa kila mara. Julius Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Alikwenda Tabora mwaka 1937 na Makerere mwaka 1943, na mwaka 1963 ikachapishwa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Hadithi hii hutumiwa kuwaambia vijana kwamba bidii inatosha. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Nyerere alijifunza kusoma na kuandika kwa Kiswahili kwanza. Kisha akaishi bwenini miaka mingi, katika madarasa ya watu wachache, mbele ya waalimu waliokimudu Kiingereza na vitabu vilivyokuwa mkononi. Bidii yake ilikuta mahali pa kukanyaga. Wale waliochujwa darasa la nne hawamo katika hadithi, ingawa wao ndio waliokuwa wengi.

Baada ya Uhuru tulijaribu kuibadili ngazi. Mwaka 1967, pamoja na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa 1969 hadi 1974, ulikusudia kipande hadi sekondari. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza letu wenyewe. Mtihani ukawa wetu, lakini lugha yake ikabaki ya mkoloni. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Serikali ikalikataa pendekezo hilo.

Wakati huohuo watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikuja kupima hali ya Kiingereza mashuleni. Taarifa yao ya mwaka 1984 ilieleza kwamba takribani asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walifikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza yaanzie. Kwa maneno mengine, baada ya miaka minne ya kufundishwa kwa Kiingereza, tisa kati ya kumi hawakuwa tayari hata kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Hata hivyo, taarifa ilishauri Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa kukiimarisha kwa fedha za Uingereza.

Ndani ya mradi huo kulikuwa na funzo ambalo halikupata wasemaji wengi. Ulisisitiza vitabu vya hadithi vyepesi, vilivyopangwa kwa viwango, ili mwanafunzi asome kwa wingi kitu anachokielewa kabla ya kukabidhiwa kitabu cha fizikia. Waliobuni mradi walijua kwamba lugha haiingii kichwani kwa kuamriwa. Fedha za mradi zilipokwisha amri ilibaki, na mashule mengi hayakuwa na vitabu vya kuitekelezea.

Matokeo yake tuliyaona bayana. Kuanzia mwaka 2004 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulifungua shule za kata nchi nzima, Tarime na Serengeti zikiwamo. Lilikuwa jambo la haki, kwa sababu mlango uliokuwa wa wachache ulifunguliwa kwa wengi. Lakini majengo yalitangulia waalimu na vitabu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa daraja sifuri watahiniwa 240,903, zaidi ya asilimia 60. Serikali iliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Sababu zilikuwa nyingi, na sidai kwamba lugha ilikuwa peke yake. Lakini mtahiniwa asiyelielewa swali hawezi kutuonyesha anachokijua, hata akiwa anakijua.

Kuna hoja ambayo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameitetea kwa miaka mingi: kufundisha Kiingereza ni jambo moja, na kufundisha kila kitu kwa Kiingereza ni jambo jingine. Mzazi wa Mugumu anapodai Kiingereza kwa mwanawe, anadai haki. Watalii wa Serengeti wanahitaji waongozaji. Wanakijiji wa jirani na mgodi wa North Mara, huko Nyamongo, walifungua madai yao katika Mahakama Kuu ya London mwaka 2013, na madai hayo yakamalizwa nje ya mahakama mwaka 2015. Shauri kama hilo huendeshwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana simwambii mtu kwamba Kiingereza si muhimu. Ninachosema ni kwamba kukitumia kama lugha ya kufundishia watoto wasiokijua kumetunyima yote mawili, Kiingereza na maarifa.

Sasa nilijibu swali la mwanafunzi. Historia hii ina ushauri ndani yake. Kwanza, ielewe mada kwa lugha unayoimudu, kisha uihamishie kwenye Kiingereza; usione haya kutumia Kiswahili kama kipago. Pili, soma vitabu vyepesi kwa wingi. Ukikuta maneno magumu kila mstari, kitabu hicho bado si chako. Shuka ngazi moja, maana haba na haba hujaza kibaba. Tatu, andika aya moja kila siku na umpate mtu wa kuisahihisha. Nne, sikiliza na uzungumze na wenzako bila kuogopa kuchekwa, kwani IELTS hupima stadi zote nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Karatasi za mitihani iliyopita zije mwisho. Zinakufundisha muda na muundo wa maswali. Lugha yenyewe haimo ndani yake.

Kwa watumishi wa umma nina neno pia. Halmashauri ya Tarime ina mgodi, na Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaitaka kampuni iandae mpango wa kuihudumia jamii kwa kushauriana na halmashauri. Serengeti ina utalii, na vijiji vya Ikona vina hifadhi yao ya jamii inayoingiza mapato. Tumezoea kuzitumia fedha za namna hii kwa madarasa na madawati, vitu vinavyopigwa picha siku ya uzinduzi. Makasha ya vitabu vya hadithi kwa kila shule ya kata, pamoja na mwalimu mmoja aliyepewa vipindi vya kusimamia usomaji, ni gharama ndogo ukilinganisha na jengo. Afisa elimu anaweza kuliingiza jambo hili katika bajeti ijayo bila kusubiri tume nyingine.

Kwa wanaharakati, mjadala wa lugha ya kufundishia uendelee. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, jambo lililoitwa haliwezekani kwa miongo mingi. La shule nalo litafikiwa. Lakini binti wa Machochwe anayefanya upimaji wa kidato cha pili mwaka huu hawezi kutungoja. Yeye anahitaji kitabu anachoweza kukisoma, sasa hivi.