Waata wa Galana: Tarehe ya Watu wa Upinde

Tarehe nyingi za Tsavo huanza mwaka 1898 na simba wala watu waliosimamisha ujenzi wa reli, kisha zikaruka moja kwa moja hadi tarehe 1 Aprili 1948, serikali ya kikoloni ilipoitangaza nyika ile kuwa hifadhi ya taifa. Ukizisoma utadhani kwa miaka hamsini hapakuwa na kitu ila vumbi jekundu na ndovu. Wenyewe walikuwapo, na walikuwapo kabla ya reli.

Hao ni Waata. Wagiriama waliwaita Walangulo, watu wa pwani wakawaita Wasanye, na Waingereza wakaandika Waliangulu. Lugha yao ni tawi la Kioromo, na nchi yao ilianzia baina ya mito Tana na Galana ikashuka kusini hadi pande za Taita na Kwale. Hawakulima sana wala hawakufuga. Walirina asali, walichuma matunda ya porini, na zaidi ya yote waliwinda ndovu, kazi ambayo majirani zao wengi hawakuithubutu.

Upinde wao mkubwa haukuwa wa kila mkono. Kuvuta upote wake kulitaka nguvu ya kilo 45 na zaidi, na Wazungu walioupima baadaye waliulinganisha na pinde za vita za Uingereza ya kale. Lakini ndovu haanguki kwa nguvu ya upinde. Anaangushwa na uchungu, yaani sumu ya mshale, na mafundi wake hasa walikuwa Wagiriama. Walikata magome na vijiti vya msunguti, wakavichemsha saa nyingi mpaka vikatoa utomvu mzito mweusi kama lami. Kuujaribu, fundi alijichanja mkono, akaiacha damu itiririke chini, kisha akaugusisha uchungu kwenye mwisho wa mchirizi, mbali na jeraha. Ukiwa mkali, damu iligeuka nyeusi na weusi ule ukapanda kuelekea kwenye chanjo. Aliupangusa kabla haujafika. Mnunuzi aliyeshuhudia hilo hakuwa na haja ya maneno mengi.

Chembe iliyopakwa uchungu ilizongwa ukanda mwembamba wa ngozi, ili sumu isikauke na mwenyewe asijikwaruze nayo. Ilivuliwa ngozi pale tu ndovu alipokuwa hatua chache mbele. Na kila mwindaji alikuwa na alama yake kwenye mshale. Ndovu anaweza kukimbia na mishale ya watu wawili. Akikutwa ameanguka, alama ndiyo iliyoamua nani ana haki ya pembe.

Kwa hiyo hii ilikuwa kazi yenye sheria, mafundi na soko. Waorma walipokuwa wakuu wa nyika, Waata waliwapa sehemu ya pembe kama haki ya mwenye nchi, na nyingine zikapita mikononi mwa Wagiriama na Waswahili hadi Mombasa, zikapanda majahazi. Katika miaka ya 1860 Wasomali waliwavunja nguvu Waorma, na biashara ikawaegemea zaidi Wagiriama. Mwaka 1914 Waingereza walipotaka kuwahamisha Wagiriama kutoka kaskazini ya Sabaki, sehemu ya chini ya mto huohuo Galana, vikazuka vita ambavyo leo kila mtoto wa shule anavijua kwa jina la kiongozi wao, Mekatilili. Walioishi juu zaidi ya mto hawamo katika somo hilo.

Sheria za wanyamapori zilizoletwa mwanzoni mwa karne ya 20 zilimtaka mwindaji awe na leseni. Mzungu aliyekuwa nayo aliua ndovu wake na kupigwa picha akiwa amemwekea mguu. Mwaata hakuwa nayo, basi akawa jangili kwa kalamu, bila kubadilisha hata siku moja alichokuwa akikifanya. Kwa muda hilo lilimsumbua kidogo tu, maana maofisa walikuwa wachache na nyika ni pana. Hifadhi ya kilomita za mraba 20,000 ilipotangazwa mwaka 1948, ikawa yuko ndani ya mipaka ya mtu mwingine.

Pigo lilikuja mwaka 1956. David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki, na ofisa mwenzake Bill Woodley waliunda kikosi cha askari kikaingia vijijini, si porini tu. Askari walijifunza kusoma alama za mishale. Kitu kilichobuniwa kuamua ubishi wa pembe kikawa ushahidi mahakamani. Galogalo Kafonde, mwindaji ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea nyika nzima, akawa jina la kusakwa. Hadi mwaka 1958 wengi wa wawindaji hodari walikuwa wamepitia jela, na kazi ya karne nyingi ilikuwa imevunjwa kwa muda wa miaka miwili hivi.

Wapo Wazungu waliotambua kwamba jamii nzima imenyang'anywa riziki. Mwaka 1960 ulianzishwa mradi wa Galana, mashariki ya hifadhi, chini ya Ian Parker: Waata wawinde ndovu kwa kibali, nyama na pembe ziuzwe kihalali. Wazo lilikuwa jema kuliko yote yaliyotangulia. Hata hivyo mwenye vitabu, mwenye magari na mwenye kusema ndovu wangapi hakuwa Mwaata. Mapato hayakufidia gharama, na mradi ukafifia. Ardhi ikageuzwa ranchi ya ng'ombe.

Kisha ndovu wenyewe wakaleta neno. Walikuwa wameongezeka, wameangusha miti, na wataalamu wakabishana wapunguzwe au waachwe. Ukame wa 1970 na 1971 ukaua karibu 6,000. Sisemi kwamba mishale ya Waata ingeuzuia; nasema tu kwamba katika ubishi ule mrefu, watu waliowajua ndovu hao kwa karibu kuliko wote hawakuitwa kwenye meza. Uwindaji wote ukapigwa marufuku mwaka 1977. Wenye bunduki hawakuijali marufuku hiyo: ndovu wa Tsavo waliozidi 30,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 walishuka chini ya 7,000 mwishoni mwa miaka ya 1980.

Waata wengi sasa wanaishi pembezoni mwa hifadhi, katika kaunti za Kilifi na Tana River, wakilima mahindi kwenye mvua isiyoaminika. Vijana wengi wanazungumza Kigiriama au Kiorma.

Katiba ya Kenya ya 2010 ina vifungu viwili vinavyofuatana. Cha 62 kinasema hifadhi za taifa ni ardhi ya umma. Cha 63 kinasema ardhi za mababu, na ardhi zilizokaliwa kwa desturi na jamii za wawindaji na wakusanyaji, ni ardhi ya jamii. Nyika ya Waata inaingia katika vyote viwili. Ranchi ya Galana nayo iko mikononi mwa shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, na mwaka 2014 shamba la mfano la ekari 10,000 la mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu lilizinduliwa pale, lipandwe mahindi kwa maji ya mto Galana.