Risiti unayo, wimbo huna

Nimepotea kidogo humu, si mnajua tena mambo ya test na mazoezi ya kufundisha. Leo nina historia, maana ndiyo somo langu, ila siyo ya Majimaji. Ni historia ya kufuli.

Likizo iliyopita mjomba alinikabidhi hard disk yake ya zamani. Alisoma Marekani kuanzia 2004 hadi 2006, na ni mtu ambaye konda akisahau kumdai nauli, yeye mwenyewe anamkumbusha. Nyimbo zake zote alinunua kwenye duka la mtandaoni, moja moja, kwa hela yake ya kubana. Nikafungua: nyimbo zaidi ya mia mbili, zote zipo. Kucheza sasa, haichezi hata moja! Kila nikibonyeza, kompyuta inaomba leseni kutoka duka ambalo lilishaacha kutoa leseni. Mdogo wangu akacheka sana, maana CD ambazo baba alichomewa kwenye kibanda cha mtaani miaka hiyohiyo bado zinaimba.

Imekuwaje? Turudi nyuma.

Mwaka 1999 ilitokea Napster, watu wakawa wanagawiana nyimbo bure, kampuni za muziki zikaingiwa na hofu. Marekani ilikuwa imeshapitisha sheria iitwayo DMCA mwaka 1998, inayokataza kuvunja kufuli za kidijitali. Basi kampuni zikakubali kuuza nyimbo kwenye intaneti, ila kwa kufuli. Aprili 2003 Apple ilifungua duka la iTunes, wimbo mmoja senti 99. Kufuli lake liliitwa FairPlay: mwanzoni wimbo uliruhusiwa kwenye kompyuta tatu, mwaka 2004 zikawa tano. Microsoft nayo mwaka huo ikaja na mfumo wake, PlaysForSure, yaani "hucheza kwa hakika". Halafu mwaka 2006 Microsoft hiyohiyo ikatoa kifaa chake cha muziki, Zune, na nyimbo za PlaysForSure zikagoma kucheza humo. Hakika gani hiyo jamani?

Kioja kikubwa kilikuwa cha Sony BMG. Tarehe 31 Oktoba 2005 mtaalamu Mark Russinovich alitoboa siri kwamba CD zao halali zilikuwa zinapandikiza kwenye kompyuta programu inayojificha, ili kumzuia mwenye CD asinakili. Muda si mrefu watengeneza virusi wakaanza kutumia maficho hayohayo. Sony BMG ikalazimika kuzirudisha CD hizo kutoka madukani. Yaani aliyenunua dukani ndiye aliyepata madhara, aliyeiba hakuguswa!

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa mjomba. Wimbo wenye kufuli ni faili lililofumbwa, na ufunguo wake unatoka kwenye seva ya muuzaji. Ukibadilisha kompyuta, unaomba ufunguo upya. Seva ikizimwa, kwisha habari. Aprili 2008 Microsoft ilitangaza kwamba wateja wa MSN Music hawatapewa tena funguo baada ya Agosti. Wateja wakapiga kelele, ikasogeza mbele hadi mwisho wa 2011. Julai 2008 Yahoo nayo ikatangaza kuzima seva zake, na wateja wakashauriwa wachome nyimbo zao kwenye CD. Baadaye ikakubali kuwafidia. Kina mjomba wengi tu, waliokuwa bize na maisha, hawakuchoma chochote.

Wakati huo kufuli lilikuwa limeshaanza kulegea. Februari 2007 Steve Jobs aliandika waraka akisema yeye angeuza nyimbo bila kufuli kama kampuni kubwa zingekubali. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mwaka 2006 nyimbo zenye kufuli zilizouzwa mtandaoni hazikufika bilioni 2, wakati kwenye CD ziliuzwa zaidi ya bilioni 20 bila kufuli lolote. Sasa hapo unamlinda nani na nini? EMI ikakubali mwaka huohuo. Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba kampuni zote nne kubwa zimekubali, ila ukitaka kufungua nyimbo ulizokwishanunua, unaongeza senti 30 kila wimbo. Kulipia mara mbili!

Wasanii wana haki ya kula jasho lao, sibishi. Lakini kufuli hili halikumzuia mwizi, lilimfungia nje mwaminifu. Na sisi wa historia tunaishi kwa vitu vilivyobaki: barua, rejista, kanda. Kitu kinachohitaji ruhusa ya duka ili kifunguke hakijabaki, hata kama kipo. Leo wengi tunasikiliza muziki wa kulipia kwa mwezi, nao ukiacha kulipa unafungwa. Afadhali huo tunajua ni wa kupanga.

Nilipomweleza mjomba yote haya alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa nakodi?" Sikuwa na jibu.

Haya wadau, lekcha ya saa nane inaniita. Vyenu vya thamani vitoleeni kopi mapema.