UZI: Ushuru wa kumlinda mkulima hulipwa na nani? Ngano ya Njoro na miaka mia ya mabishano

1/ Kila Juni bajeti ikisomwa, vita ni vile vile. Huyu anasema pandisha ushuru wa ngano ya nje, tumlinde mkulima wetu. Yule anasema shusha, mkate umekuwa ghali. Mnabishana kana kwamba jambo limeanza jana, na lina miaka mia hapa hapa Bonde la Ufa. Twende nalo.

2/ Kwanza ardhi. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai maeneo ya Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Walowezi wakaingia. Delamere akajaribu ngano Njoro, ugonjwa wa kutu ukaimaliza, akaajiri mtaalamu wa mbegu. 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited.

3/ Baada ya Vita vya Kwanza bei za mazao zikaporomoka. Mwaka 1922 serikali ya koloni ikaunda kamati chini ya Charles Bowring, na walowezi walikuwa na sauti kubwa ndani yake. Matokeo: ushuru wa kulinda ngano, unga, siagi, sukari na mbao za humu nchini. Reli nayo ikapanga nauli za kupendelea mazao ya walowezi.

4/ Sasa sikiza hapa. Kenya na Uganda zilikuwa forodha moja tangu 1917. Tanganyika iliunganishwa hatua kwa hatua, ikakamilika 1927. Kwa hivyo ukuta uliojengwa kwa ajili ya Njoro uliizunguka pia Kampala na Dar es Salaam.

5/ Maana yake? Mnunuzi wa Dar alinunua unga wa Kenya kwa bei iliyoinuliwa na ushuru. Na kwa kuwa unga huo haukutoka nje, serikali yake haikupata hata senti ya forodha. Hasara mara mbili. Mwaka 1932 ripoti ya Armitage-Smith kuhusu fedha za Tanganyika iliukosoa mpango huu waziwazi.

6/ Ndani ya Kenya pia kinga haikuwa ya kila mkulima. Udhibiti wa mahindi ulipoanza 1942, chama cha KFA chenye makao Nakuru kilikuwa wakala wa serikali, na mlowezi alilipwa bei ya juu kuliko Mwafrika. Mahindi ni yale yale, mkulima tu ndiye tofauti.

7/ Si sisi pekee. Marekani, ushuru wa 1828 ulilinda viwanda vya kaskazini. Kusini walikuwa wanauza pamba ng'ambo na kununua bidhaa kwa bei ya juu. 1832 South Carolina ikatangaza kwamba ushuru huo ni batili kwake, nchi ikakaribia kupigana, hadi maafikiano ya 1833. Mkoa mmoja unalindwa, mwingine unalipa.

8/ Lakini tuwe wakweli: kinga ilizaa kitu. Ngano ilishika mizizi, vinu vikasimama, na kituo cha utafiti wa mbegu Njoro kinafanya kazi mpaka leo. Anayesema ushuru wa kulinda haujawahi kusaidia popote hajafika Njoro.

9/ Baada ya uhuru malalamiko hayakuisha. Jumuiya ya 1967 iliruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi maalum kwa baadhi ya bidhaa za viwandani kutoka Kenya, ili na wao viwanda vyao vikue. Haikutosha. Jumuiya ikavunjika 1977, na kugawana faida ilikuwa moja ya sababu.

10/ Leo ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa ngano ni asilimia 35, lakini Kenya imekuwa ikiomba wasagaji wake walipe 10, kwa sharti wanunue kwanza ngano ya hapa. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula inatoka nje. Kwa hivyo mkulima wa Njoro au Narok na mama mboga anayenunua mkate Nakuru mjini wanavutana kwa kamba moja.

11/ Mwanasiasa akikuambia "nitamlinda mkulima", muulize: mkulima yupi, mwenye ekari ngapi? Nani atalipa tofauti ya bei? Na kinga inaisha lini? Walowezi wa 1922 hawakuulizwa hata moja kati ya hayo na waliokuwa wanalipa, kwa sababu waliokuwa wanalipa hawakuwa na kura. Wewe unayo.