Kisababishi na Kihatarishi: Funzo la Mwaka 2020

Yapo maneno mawili ambayo wafasiri wa habari za tiba huyachanganya: kisababishi na kihatarishi. Historia ya UVIKO-19 yatuonyesha tofauti yake.

Mwezi wa Februari 2020, kituo cha taifa cha China cha kudhibiti magonjwa kilitoa taarifa ya wagonjwa 44,672 waliothibitishwa. Asilimia 81 walikuwa na ugonjwa mwepesi. Asilimia 14 walikuwa na ugonjwa mkali: walitweta, au walipumua mara 30 au zaidi kwa dakika, au oksijeni katika damu yao ilishuka hadi asilimia 93 au chini yake. Asilimia 5 walikuwa mahututi, mapafu au viungo vingine vikishindwa kazi.

Waliofariki walikuwa asilimia 2.3 ya wote. Lakini miongoni mwa wenye kisukari walikuwa 7.3, na miongoni mwa waliotimiza miaka 80 na kuendelea, 14.8.

Hapa ndipo mfasiri anapopaswa kuwa mwangalifu. Uzee na kisukari havikuleta ugonjwa huu. Kisababishi chake ni virusi. Hivyo ni vihatarishi, yaani hali zinazoongeza uwezekano wa mgonjwa kuzidiwa. Anayeandika “sababu” mahali pa “kihatarishi” humfanya kijana ajione salama, na mwenye kisukari aonekane kuwa chanzo cha maradhi. Kumbe wapo vijana waliozidiwa, na wazee wengi walipona.

Kisababishi, basi, hutueleza ugonjwa umeletwa na nini. Kihatarishi hutueleza nani aangaliwe mapema.