Musonoi: namba zimejificha kwenye klavie

Ndugu mliohama Musonoi na ninyi mliobaki, anayeketi mara ya kwanza mbele ya kompyuta hapa Kolwezi hushangaa: anabonyeza 5, inatokea alama ya mabano. Kompyuta haijaharibika.

Mpangilio huu wa herufi, A, Z, E, R, T, Y, ulianza Ufaransa kwenye mashini za kuandika, mwisho wa karne ya 19. Wabelgiji wakaufuata, ukafika Katanga pamoja na ofisi zao. Union Minière ilianzishwa 1906. Mwaka 1967 serikali ikachukua migodi, baadaye tukazoea jina Gécamines. Wakubwa walibadilika, herufi zilibaki palepale. Nyakati zile karani ndiye alipiga mashini. Baba zetu waliletewa karatasi, wakatia sahihi au kidole.

Leo aliyehamishwa anaweza kujiandikia mwenyewe vipimo vya nyumba yake na bei aliyoambiwa. Basi anza na namba: shikilia Maj, kisha bonyeza 5. Nukta nayo inataka Maj. Klavie ya mezani ina namba nyingine upande wa kuume. Zisipojibu, bonyeza Verr Num. Soma kiasi mara mbili, ndipo uchapishe.