Moyo na Kumbukumbu: Tulikotoka na Tulichojifunza

Leo tuzungumze juu ya nyanya anayeuliza swali moja mara tano, na babu anayepotea njia akitoka sokoni.

Wengi wetu husema, "Ni uzee tu." Wengine husema ni laana. Huko Kilifi, wazee wamewahi kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee aliyechanganyikiwa na kuongea peke yake hushukiwa upesi, kumbe ni mgonjwa.

Ugonjwa wa kusahau una aina nyingi, na si zote zinazotokana na mishipa ya damu. Lakini mwaka wa 1894, daktari Otto Binswanger alieleza habari za wagonjwa waliopungukiwa na akili kwa sababu mishipa ya ubongo ilikuwa imekuwa migumu, na damu haikupita vizuri.

Hata hivyo, kwa miaka mingi presha ya juu haikuogopwa. Madaktari wengi waliamini ni jambo la kawaida mtu akizeeka. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliishi na presha ya juu, na wakati huo dawa nzuri hazikuwapo. Aprili 1945 mshipa ulipasuka katika ubongo wake, akafariki akiwa na miaka 63.

Mwaka wa 1948 watafiti walienda katika mji wa Framingham, Marekani. Waliandikisha wanaume na wanawake 5,209, wakawa wakiwapima kila baada ya miaka miwili. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba presha, sigara na mafuta mengi katika damu huleta ugonjwa wa moyo na kiharusi. Kuanzia mwaka wa 1975 walifuatilia pia ugonjwa wa kusahau. Mwaka wa 2016 walitangaza kwamba ugonjwa huo ulikuwa ukipungua pale mjini, hasa kwa waliomaliza shule ya sekondari. Afya ya moyo nayo ilikuwa imeboreka.

Huko Ulaya, wazee wa miaka 60 na zaidi wenye presha waligawanywa makundi mawili. Matokeo yalitolewa mwaka wa 1998. Waliopewa dawa ya presha, 11 walipata ugonjwa wa kusahau. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, walikuwa 21.

Kwa nini iwe hivyo? Ubongo ni mdogo, lakini hutumia karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo. Presha ikizidi, mishipa midogo huharibika kama paipu iliyochakaa, na sehemu za ubongo hukosa damu na kufa kidogo kidogo.

Katika kutembelea nyumba kwa nyumba, nilimkuta mama mkwe aliyeacha vidonge vya presha kwa sababu hakusikia maumivu. Alipata kiharusi kidogo, kisha kingine. Sasa hamtambui mjukuu aliyemlea kwa mikono yake. Mama msikilizaji, presha haiumi. Usingoje maumivu.

Fanya haya nyumbani: Mpeleke mzee apimwe presha na sukari. Hakikisha anameza dawa kila siku, wala asiache bila kumwuliza mhudumu wa afya. Punguza chumvi na mafuta chunguni. Atembee kila siku, na aache sigara. Akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Jambo la mwisho. Uharibifu huu huanza tukiwa na miaka arobaini hivi, tungali na nguvu za kubeba maji na kulima. Kwa hivyo siku utakayompeleka nyanya kupimwa, nawe pia nyoosha mkono wako upimwe.